Mashine Si Yetu

Yeyote aliyewahi kusubiri gari katika kituo cha Adams Arcade, kando ya Barabara ya Ngong jijini Nairobi, anawafahamu wapiga debe. Ni vijana wasimamao milangoni pa matatu tangu alfajiri hadi usiku, sauti zimewakauka, wakiwaita abiria wa mjini na wale wa kwenda Ngong. Watu wengi huwadharau. Hata hivyo, kazi yao ina sifa moja ambayo haipatikani katika kazi nyingi za heshima: hufanywa hadharani. Abiria humwona mpiga debe kwa macho yake, husikia anachonadi, hulijua gari analolinadi, na humshuhudia akipokea ujira wake kutoka kwa utingo. Nauli ikibadilika njiani, abiria anajua aanzie wapi kulalamika.

Wako wapiga debe wengine ambao hawasimami vituoni. Hawa hunadi mashine za hospitali, bima, mitambo ya kompyuta na kandarasi za miaka saba au kumi. Si lazima wawe watu waovu; yamkini wengine huamini kwa dhati kwamba bidhaa yao itaokoa maisha. Lakini wao hawapazi sauti, hunong'ona. Wamenong'ona na nani, lini, na kwa ujira gani, ni mambo ambayo mwananchi huyajua, iwapo atayajua, baada ya gari kung'oa nanga na nauli kukatwa. Makala haya yanawahusu wapiga debe hao. Yanamhusu pia mwanamke mmoja na mjukuu wake, ambao hawajawahi kuonana nao hata siku moja, ilhali maisha yao yameguswa na minong'ono hiyo.

Mwanamke huyo huuza nguo za watoto za mitumba katika Soko la Toi, hatua chache kutoka Adams Arcade, soko ambalo limeteketea kwa moto na kujengwa upya mara si haba. Upande mmoja wa soko hilo ni Kibera. Upande wa pili ni Woodley na nyumba zake za zamani. Ukishika njia ya kwenda mjini, si mbali utaikuta Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, ambayo ilianza mwaka 1901 ikiwa na vitanda 40. Na katika barabara hiyo hiyo ya Ngong kuna hospitali za watu binafsi, zahanati, maabara na maduka ya dawa, mengine yamepangana mlango kwa mlango. Kwa ufupi, ni mahali ambapo tiba ya umma na tiba ya biashara hutazamana kila asubuhi kama majirani wawili wasioamkiana.

Desemba ya mwaka 2018, mama huyo alisafiri na mjukuu wake kwenda mashambani kwa likizo, kama ilivyo desturi ya wengi wa Nairobi. Mtoto alikuwa na umri wa miaka saba. Siku ya tatu alianguka kutoka juu ya mwembe, akaulalia mkono wa kulia. Kufikia magharibi mkono ulikuwa umevimba, na mtoto hakuweza hata kushika kikombe. Kulipokucha, bibi na mjukuu walikuwa katika foleni ya hospitali ya umma ya huko, hospitali ambayo jina lake na kaunti yake si lazima vitajwe hapa, kwa kuwa yaliyowapata yangeweza kuwapata watu kwingineko.

Muuguzi aliyewapokea alikuwa mpole. Aliutazama mkono, akasema mtoto apigwe picha ili ijulikane kama mfupa umevunjika. Walipofika kwenye chumba cha picha, waliikuta mashine kubwa, mpya, inang'aa, imefunikwa kwa karatasi ya nailoni. Haikuwa ikifanya kazi. Mama akauliza itatengenezwa lini.

"Hatujui, Mama," muuguzi akamjibu. "Mashine si yetu. Ni ya kampuni. Fundi wao ndiye anayeruhusiwa kuigusa."

"Hiyo kampuni iko wapi, mwanangu, nikawaombe?"

Muuguzi alitabasamu kwa huzuni, akatikisa kichwa. Akawaelekeza kwenye kituo cha mtu binafsi mjini, ambako picha ilikuwa kwa pesa taslimu. Fedha alizokuwa nazo mama zilikuwa za nauli ya kurudi Nairobi. Akaufunga mkono wa mtoto kwa leso, akangoja. Siku ya sita walipanda gari la usiku, na siku ya saba mtoto alipigwa picha katika kituo kimoja karibu na Adams Arcade, kwa pesa zilizokopwa kwa mwenzake wa sokoni. Mfupa ulikuwa umevunjika na umeanza kuunga vibaya. Daktari aliiinua filamu kwenye mwanga, akasema wangalifika mapema kazi ingalikuwa rahisi. Wahenga walinena kwamba samaki hukunjwa angali mbichi. Na mfupa wa mtoto, hali kadhalika, hunyooshwa kabla haujakauka.

Msomaji anaweza kusema kwamba mashine huharibika popote, iwe ya umma au ya kampuni. Ni kweli. Hospitali za umma za Kenya zilikuwa na mashine mbovu miaka mingi kabla ya kampuni yoyote kukaribishwa, na hiyo ndiyo iliyokuwa hoja kuu ya waliozikaribisha. Kinachostahili kuzingatiwa hapa si ubovu wa mashine bali jibu la muuguzi. Hakusema, "Tumeshindwa kuitengeneza." Hakusema, "Serikali haijatupa pesa." Alisema, "Si yetu." Katika maneno mawili hayo, lawama iliondoka hospitalini, ikapaa hewani, na mama hakujua aifuate wapi.

Wanafunzi wa sarufi hufunzwa mapema kwamba kivumishi kimilikishi hueleza nani anamiliki nini: yangu, yako, yake, yetu. Lakini umilikishi una upande wa pili ambao vitabu vya sarufi haviuelezi sana. Mtu asemapo "mwanangu" hadai tu kwamba mtoto ni wake. Anakiri pia kwamba mtoto akivunja dirisha la jirani, ataulizwa yeye. Mwenye kumiliki ndiye mwenye kujibu. Kwa hiyo, anayesema "si yetu" amejivua mambo mawili kwa mkupuo mmoja: mali na jukumu.

Kadhalika, kihusishi cha a-unganifu kina utata wake. "Hospitali ya umma" ni ipi? Je, ni hospitali inayomilikiwa na umma, au ni hospitali inayouhudumia umma? Kwa miaka mingi baada ya uhuru, maana hizo mbili zilienda sanjari na hakuna aliyehitaji kuzitenganisha. Mabadiliko ya sekta ya afya katika miongo ya karibuni yamezitenganisha polepole: hospitali ikaendelea kuuhudumia umma, lakini mashine zilizomo, mitambo ya kuhesabia fedha, hata ulinzi na usafi katika baadhi ya mahali, vikawa vya wengine. Umma uliokuwa mwenye nyumba ukawa mpangaji katika nyumba yake. Na mpangaji, kama wajuavyo watu wa Kibera, paa likivuja hana budi kumtafuta mwenye nyumba, ambaye pengine hajawahi kumwona.

Ili kuyaelewa mageuzi hayo, ni vyema kurudi nyuma kidogo. Serikali ya Kenya huru ilitangaza vita dhidi ya maadui watatu, yaani ujinga, umaskini na maradhi. Mwaka 1965 iliondoa ada kwa wagonjwa wasiolazwa katika vituo vya umma, na mwaka uliofuata ikaanzisha Hazina ya Kitaifa ya Bima ya Hospitali, iliyojulikana na wengi kwa ufupi wa NHIF. Mwishoni mwa mwaka 1989, chini ya shinikizo la uchumi na la wakopeshaji wa kimataifa, ada zilirudishwa kwa jina la kugawana gharama. Zilisimamishwa mwaka 1990, zikarejeshwa tena kwa awamu kuanzia mwaka 1992. Hapo ndipo, kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, mgonjwa alianza kutazamwa kama mteja.

Mwaka 2004, aliyekuwa Waziri wa Afya, Charity Ngilu, alipeleka Bungeni mswada wa kuunda bima ya afya kwa Wakenya wote. Mswada ule ulizua mjadala mkali. Kampuni za bima na za matibabu ya kulipiwa ziliupinga, waajiri wakawa na wasiwasi kuhusu makato mapya, na ndani ya serikali yenyewe wapo waliohofia kwamba hazina ya taifa isingeumudu mzigo huo. Bunge liliupitisha mwezi wa Desemba mwaka huo. Rais Mwai Kibaki hakuutia sahihi.

Hapana shaka kwamba baadhi ya pingamizi zilikuwa na mashiko. Mpango wa ukubwa ule ulihitaji fedha nyingi, na rekodi ya NHIF katika kutunza michango haikuwa ya kujivunia. Lakini tafakari tofauti ya nafasi mbili. Yaliyosemwa Bungeni yalinakiliwa, na yeyote anaweza kuyasoma hadi leo. Yaliyosemwa faraghani na wenye maslahi, kabla ya kalamu ya rais kuwekwa kando, hayakunakiliwa popote ambapo muuza mitumba wa Toi angeweza kuyasoma. Katika Kusadikika ya Shaaban Robert, Karama hujitetea mbele ya baraza kwa siku sita, hoja baada ya hoja, na washtaki wake wakimsikiliza. Mtu anaweza kushindwa barazani na bado akajua alishindwa na hoja gani. Anayeshindwa ukumbini, nje ya baraza, hajui hata kama alikuwa na mshindani.

Miaka kumi hivi baadaye, mnong'ono ulizaa mashine. Mwezi wa Februari mwaka 2015, wakati huduma nyingi za afya zilikuwa zimekwisha kugatuliwa kwa kaunti, serikali kuu ilitia sahihi mikataba ya kukodi vifaa vya matibabu kwa muda wa miaka saba. Thamani yake ilitajwa kuwa shilingi bilioni 38. Hospitali 98 zingefaidika: mbili katika kila kaunti kati ya kaunti 47, na nne za kitaifa. Miongoni mwa kampuni zilizopewa kazi zilikuwa General Electric ya Marekani kwa mashine za picha, Philips ya Uholanzi kwa vyumba vya wagonjwa mahututi, Bellco ya Italia kwa mashine za kusafisha damu, na Mindray ya Uchina kwa vifaa vya vyumba vya upasuaji. Kampuni zingeleta mashine, zingezitunza na kuwafunza wahudumu. Serikali ingelipa kodi.

Haifai kuubeza mpango huo wote. Mgonjwa wa figo ambaye zamani alilazimika kusafiri hadi Nairobi au Eldoret kusafishwa damu mara mbili kwa wiki, katika kaunti kadhaa alipata huduma hiyo karibu na kwao. Huo ni uhai uliookolewa, na anayeusahau hasemi ukweli wote. Lakini magavana, ambao ndio wenye hospitali kwa mujibu wa Katiba ya mwaka 2010, walilalamika kwamba walitakiwa kukubali mikataba ambayo hawakuonyeshwa. Kila kaunti ilitozwa kiasi sawa, iwe ilihitaji vifaa vyote au la: shilingi milioni 95 kwa mwaka hapo mwanzo, na baadaye milioni 200 kuanzia mwaka wa fedha wa 2018/2019. Kamati maalumu ya Seneti, iliyoongozwa na Seneta Fatuma Dullo, ilichunguza jambo hilo na kutoa ripoti mwaka 2020. Ilibainika kwamba katika baadhi ya hospitali vifaa vilikaa bure kwa kukosa umeme, maji, chumba cha kuviwekea au mtaalamu wa kuvitumia, huku malipo yakiendelea.

Hapo ndipo penye kiini cha suala. Kodi ililipwa kwa sababu mashine ipo, si kwa sababu mgonjwa ametibiwa. Kwa mwenye mashine, mkataba ulitimia siku iliposhushwa na kufungwa. Kwa mgonjwa, mkataba haukutimia hadi picha ipigwe. Kati ya siku hizo mbili kulikuwa na pengo, na katika pengo hilo ndimo alimosimama muuguzi mpole akisema, "Si yetu." Yeye hakuwa ameuandika mkataba, hakuusoma, na hata angeupata asingekuwa na mamlaka ya kuutekeleza. Alipewa kazi moja tu ambayo haikuandikwa popote: kuwa uso wa kitu kisicho na uso.

Kenya si nchi ya kwanza kupita njia hii. Lesotho, nchi ndogo iliyozungukwa na Afrika Kusini, ilifungua hospitali mpya ya rufaa jijini Maseru mwaka 2011, iliyojengwa na kuendeshwa na muungano wa kampuni chini ya mkataba wa muda mrefu. Jengo lilisifiwa na huduma zikaboreka. Lakini mwaka 2014 shirika la Oxfam lilikadiria kwamba hospitali hiyo moja ilikuwa ikimeza zaidi ya nusu ya bajeti ya afya ya nchi nzima. Watetezi wa mpango waliyapinga makadirio hayo. Hata hivyo, mwaka 2021 serikali ya Lesotho iliuvunja mkataba kabla ya muda wake kwisha. Nchini Uingereza nako, kampuni ya Carillion ilipofilisika Januari 2018, hospitali mbili kubwa zilizokuwa zikijengwa, moja Liverpool na nyingine karibu na Birmingham, zilibaki magofu yasiyokamilika. Kumbe hata pale ambapo sheria ni kongwe na wakaguzi ni wengi, kampuni inaweza kuondoka, ila mgonjwa hana pa kuondokea.

Tukirejea Adams Arcade, mama wa Toi alikutana na sura ya pili ya mageuzi haya mwishoni mwa mwaka 2024. Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ilikuwa imetiwa sahihi tarehe 19 Oktoba 2023, NHIF ikavunjwa, na tarehe 1 Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ikaanza kazi. Mwenye mshahara angekatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake. Asiye na mshahara angekadiriwa uwezo wake kwa kuulizwa maswali kuhusu maisha ya nyumbani, na mchango wake usingepungua shilingi 300 kwa mwezi, ukilipwa kwa mwaka mzima.

Mama aliingia katika kibanda kimoja chenye kompyuta mbili, akaketi mbele ya kijana aliyekuwa akiwasajili watu kwa ada ndogo. Kijana akaanza kuuliza. Paa la nyumba ni la nini? Kuta je? Maji mnachota wapi? Choo ni cha namna gani? Kuna ng'ombe? Mama alijibu kwa uaminifu, ingawa swali la ng'ombe lilimchekesha, kwa kuwa chumba chake hakitoshi hata kuku. Mwisho wa maswali, kiasi kilitokea kwenye kioo.

"Nani amepanga hiki kiasi, mwanangu?"

"Ni mtambo, Mama. Mimi nabonyeza tu."

"Na mtambo ni wa nani?"

Kijana alicheka. "Si wa serikali, Mama? Wa nani tena?"

Alikuwa anamjibu kama ambavyo mtu yeyote angejibu. Lakini mwezi wa Machi mwaka 2025, ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, Nancy Gathungu, iliibua swali lile lile la mama, kwa lugha ya kiofisi. Mtambo wa kidijitali wa mpango mpya wa afya, wenye gharama ya shilingi bilioni 104.8, ulikuwa umekabidhiwa muungano wa kampuni zinazoongozwa na Safaricom, pamoja na Apeiro na Konvergenz Network Solutions, bila zabuni ya ushindani. Ripoti ilieleza kwamba serikali haikuwa mmiliki wa mtambo huo. Watetezi wa mpango walijibu kwamba kampuni ndizo zilizotoa mtaji, kwamba serikali haikulipa fedha za awali, na kwamba wawekezaji wangelipwa kidogo kidogo kadiri huduma zinavyotolewa. Huenda hesabu hiyo ikaja kuonekana nzuri. Hata hivyo, msomaji wa sarufi hawezi kukosa kuisikia sauti ya muuguzi wa Desemba 2018. Safari hii si mashine ya picha pekee. Ni daftari lenye majina ya wananchi, maradhi yao na michango yao. Nalo pia, kwa mujibu wa mkaguzi, si letu.

Suala la ushirikishwaji wa umma lilikuwa limekwisha kufika mahakamani. Mwezi wa Julai mwaka 2024, majaji watatu wa Mahakama Kuu waliamua kwamba sheria hiyo mpya, pamoja na sheria nyingine mbili za afya zilizopitishwa nayo, zilikiuka Katiba kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Septemba mwaka huo huo, Mahakama ya Rufani ilisimamisha utekelezaji wa uamuzi huo, na mpango ukaendelea. Mabishano ya kisheria ni ya wanasheria. Lakini kuna sehemu ya ushirikishwaji ambayo ni ya watu wa Kiswahili, na ambayo hawana budi kuibeba wenyewe.

Ibara ya 7 ya Katiba inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Ibara ya 35 inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Ibara ya 43 inampa haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa. Haki hizi tatu ni kama mafiga: likiondolewa moja, chungu hakikai. Mkataba wa bilioni 38 ukiandikwa kwa Kiingereza cha wanasheria na kufungiwa kabatini, haki ya afya inabaki ahadi, kwa sababu anayehusika hawezi kujua alichoahidiwa. Mara nyingi wasomi wa Kiswahili hulalamika kwamba lugha yao haina istilahi za uchumi na sheria. Lakini mama wa Toi hakuhitaji istilahi hata moja kuuliza maswali yake mawili. Kampuni iko wapi? Mtambo ni wa nani? Kilichokosekana si maneno ya kuuliza bali mtu wa kujibu kwa lugha hiyo hiyo.

Kwa hivyo, pasipo kuingilia kazi ya wachumi, mambo matatu yanaweza kudaiwa bila kusubiri istilahi mpya. Kwanza, kila mkataba unaokabidhi sehemu ya huduma ya afya kwa kampuni binafsi utangazwe, na muhtasari wake ubandikwe kwa Kiswahili katika ukuta wa hospitali inayohusika, ukieleza kampuni ni ipi, inalipwa nini, na mashine ikiharibika itatengenezwa ndani ya siku ngapi. Pili, wapiga debe wa kandarasi wajulikane kama wanavyojulikana wale wa Adams Arcade: yeyote anayekwenda kumwona waziri, mbunge au gavana kuhusu sheria au zabuni ya afya, jina lake na la anayemtuma yaandikwe mahali ambapo umma unaweza kuyasoma. Si dhambi kumshawishi mbunge. Hata chama cha wauguzi na kikundi cha wagonjwa wa figo hufanya hivyo. Dhambi ni kumshawishi gizani kwa niaba ya mtu asiyetajwa. Tatu, na hili ndilo kubwa, mkataba wowote useme wazi kwamba mbele ya mgonjwa, hospitali ndiyo yenye kujibu. Hospitali na kampuni zidaiane zenyewe huko nyuma. Mgonjwa asitumwe kati yao kama mpira.

Hapo muuguzi atapata jibu jingine la kutoa. Hata kama mashine ni mbovu, hata kama fundi yuko mbali, ataweza kusema: "Mama, mashine yetu imeharibika. Huyu ndiye wa kumwona, na tukishindwa tutakupeleka kwingine kwa gharama yetu." Tofauti ni neno moja tu, ila neno hilo lingemfikisha mtoto kwenye picha siku ya pili badala ya siku ya saba.

Mtoto yule sasa ni kijana. Siku za Jumamosi humsaidia nyanya yake sokoni Toi, akizikunja nguo na kuzipanga juu ya meza ya mbao. Mkono wake wa kulia haunyooki hadi mwisho. Mteja akimwomba nguo iliyotundikwa juu, humpa mgongo kidogo, akainyakua kwa mkono wa kushoto, haraka, kabla mtu hajatambua. Nyanya yake hutambua kila mara. Kutoka kwenye meza hiyo zinasikika sauti za wapiga debe wa Adams Arcade, kila mmoja akilitaja gari lake, njia yake na nauli yake mbele ya kila mtu. Wa kuambiwa ameambiwa.